Kisu cha Kupandikizia Kikilegea: Soma Dhamana Kabla ya Kushika Bisibisi

Wakulima wengi wa Kirinyaga wenye mikahawa ya zamani ya SL28 na SL34 hawaing'oi tena. Hukata shina, kisha hupandikiza machipukizi ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, au Batian, iliyotolewa mwaka 2010, kwa kuwa aina hizi hustahimili chulebuni na kutu ya majani. Wenye vitalu vya parachichi na makadamia nao hupandikiza. Wote hao hutegemea kisu kimoja kidogo cha kukunja kinachokaa mfukoni.

Kisu hicho kikianza kulegea, kukwama au kushindwa kujifunga, wengi hukimbilia bisibisi au fundi wa jua kali. Mara nyingine hilo ni sawa. Mara nyingine mwenye kisu hupoteza haki ya kurudishiwa pesa zake au kupewa kisu kingine. Somo hili linaeleza tofauti.

Usafi usiohitaji kufungua kisu

Mara nyingi kisu kinachokwama ni kichafu tu. Utomvu na udongo huingia kwenye kiungo ambapo bapa hukutana na mpini. Fanya hivi:

1. Fungua bapa lote, osha kisu kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni, na sugua kiungo kwa mswaki wa zamani.
2. Kausha kabisa kwa kitambaa, kisha kiache wazi mahali pakavu.
3. Tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo. Fungua na kufunga mara kadhaa, kisha futa mafuta yanayotoka.
4. Noa kwa kinoo kilicholowa maji. Visu vingi vya kupandikizia vina makali ya upande mmoja. Noa upande huo pekee. Ule wa pili uweke bapa kwenye kinoo na kuupitisha mara moja au mbili, kuondoa vinyuzi vya chuma.

Usafi una faida nyingine. Kisu kichafu husambaza magonjwa kutoka mti mmoja hadi mwingine. Spiriti huua bakteria na kuvu wengi, lakini ugonjwa wa parachichi unaotia matunda michirizi ya manjano husababishwa na kimelea kinachohitaji dawa ya klorini, kama ile ya kufulia nguo nyeupe, iliyochanganywa na maji. Klorini hula chuma, kwa hiyo suuza, kausha na upake mafuta mara tu kazi inapoisha.

Kazi zote hizo ni matunzo ya kawaida na hazigusi dhamana.

Ukiamua kukifungua

Tazama kwanza kilivyounganishwa. Visu vingi vya kukunja, vikiwemo vya kampuni ya Victorinox ya Uswisi, vimeshikwa kwa pini zilizogongwa ncha. Havikutengenezwa ili vifunguliwe nyumbani. Pini ikishatolewa, mara chache kisu hukaza tena kama awali.

Kisu chenye skrubu kinaweza kufunguliwa, ikiwa dhamana yake imekwisha au inaruhusu. Fanyia kazi juu ya kitambaa cheupe ili vipande vidogo visipotee. Piga picha kwa simu katika kila hatua. Tumia bisibisi inayoingia barabara kwenye skrubu, kwani inayocheza huharibu kichwa chake. Panga vipande kwa mfuatano uliovitoa, hasa zile washa nyembamba za pande mbili za bapa. Ukirudisha, kaza skrubu ya kiungo hadi bapa lisitikisike upande kwa upande, lakini bado lifunguke kwa kidole. Jaribu kifungio kwa kusukuma mgongo wa bapa kwenye ubao, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Kikiteleza hata mara moja, kisu hicho kisitumike.

Mageuzi ya kuepuka

Usinoe bapa kwa mashine ya kusagia chuma. Joto lake hulegeza chuma, na ukiona rangi ya buluu kwenye makali, ujue sehemu hiyo imepoteza ugumu na haitashika makali tena. Usinoe pande zote mbili za kisu kilichotengenezwa na makali ya upande mmoja. Mkato utakuwa na kilima, na kipandikizi hakitashikana vizuri na shina. Usipunguze kifungio kwa tupa ili kisu kifunguke upesi. Kitakufungia vidole.

Kuna pia suala la sheria. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inakataza mtu kuwa na silaha ya kushambulia mahali pa umma bila ruhusa au sababu ya msingi. Silaha hiyo ni pamoja na kitu kilichogeuzwa ili kiweze kumjeruhi mtu. Mkulima mwenye kisu cha kazi njiani kwenda shambani ana maelezo. Kisu kilichochongwa ncha kali pande zote ni vigumu kukieleza.

Dhamana ziko mbili

Ya kwanza hutoka kwa mtengenezaji na imeandikwa kwenye kikaratasi ndani ya boksi. Masharti yake hutofautiana. Victorinox, kwa mfano, hutoa dhamana isiyo na kikomo dhidi ya kasoro za chuma na uundaji wa visu vyake, lakini haihusu uchakavu wa kawaida wala matumizi mabaya. Watengenezaji wengi hukataa pia kisu kilichofunguliwa au kubadilishwa na mtu mwingine.

Ya pili hutoka kwa sheria. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamchukulia muuzaji kuwa ameahidi ubora huo, hata kama hakutamka neno. Kwa hiyo maandishi ya risiti yasemayo "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" hayafuti wajibu wake kwa kisu kilichouzwa kikiwa na kasoro.

Hata hivyo, haki hiyo inahitaji ushahidi. Kisu kilichofunguliwa kinampa muuzaji jibu rahisi: kwamba wewe ndiwe uliyekiharibu. Kikirudishwa kizima, kasoro yenyewe inajieleza.

Kisu kipya kikiwa na kasoro

1. Acha kukitumia. Usikaze, usigonge, usinoe.
2. Piga picha au video fupi inayoonyesha kasoro.
3. Tafuta risiti. Kama ulilipa kwa M-Pesa, hifadhi ujumbe wa malipo.
4. Rudi dukani mapema, ueleze kasoro na useme unachotaka: kurekebishiwa, kubadilishiwa au kurudishiwa pesa.
5. Ukikataliwa, andika malalamiko na ubaki na nakala. Unaweza kuyapeleka kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, inayoshughulikia pia maslahi ya wanunuzi. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na si lazima uwe na wakili.

Anayenunua kisu sokoni Kerugoya, Kutus au Kagio aombe risiti hata kama bei ni ndogo, akifungue na kukifunga mbele ya muuzaji, na asome kikaratasi cha dhamana kabla ya kutupa boksi. Kwa ushauri kuhusu kupandikiza na matunzo ya vifaa, mwone afisa wa kilimo wa wadi yako.