Kinywaji cha Kujenga Mwili Bila Unga wa Kopo

Ndugu msomaji, katika somo la mwezi huu tutajifunza namna ya kutengeneza nyumbani vinywaji vizito vyenye protini nyingi, bila kununua unga wa protini unaouzwa katika makopo. Vijana wa mjini wanaviita smuthi. Somo linawahusu akina mama wanaonyonyesha, wagonjwa wanaopata nafuu, wazee waliopungukiwa meno, na vijana wanaonyanyua vyuma ili wajenge misuli.

Tumechagua somo hili kwa sababu wapo watu wanaouza mayai, kuku au korosho zao ili wapate fedha za kununua kopo. Hiyo ni hasara mara mbili: chakula bora kimetoka nyumbani, na fedha nazo zimekwenda.

1. PROTINI INATAKIWA KIASI GANI?

Protini ni sehemu ya chakula inayojenga mwili na kukarabati palipoharibika: misuli, damu, ngozi, na askari wa mwili wanaopigana na magonjwa. Mtu mzima mwenye afya anahitaji kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 48 hivi. Mama mjamzito, mama anayenyonyesha na mgonjwa anayepona wanahitaji zaidi ya hapo.

Mwili hauweki akiba ya protini kama unavyoweka mafuta. Kwa hiyo ni afadhali kupata kidogo kila siku kuliko kula nyama nyingi siku ya sikukuu na kushindia ugali wiki nzima.

2. NDANI YA KOPO MNA NINI?

Unga mwingi wa namna hii hutokana na maji ya maziwa yanayobaki baada ya kutengeneza jibini. Mwingine hutokana na soya. Hukaushwa, kisha huongezwa sukari au vitu vya kuleta utamu na harufu. Maana yake ni kwamba unanunua maziwa au maharage yaliyosafiri mbali. Kopo si dawa, wala halina nguvu ambayo chakula cha kawaida hakina.

3. HAZINA TULIYO NAYO

Wilaya yetu ya Kibiti si maskini wa vyakula vya kujenga mwili. Huku bara tuna korosho, ufuta, karanga, kunde, choroko na mbaazi. Kule delta kuna samaki, kamba na dagaa. Maziwa nayo si adimu kama zamani, tangu wafugaji walipoingia kwa wingi katika bonde la Rufiji miaka ya 2006 na 2007. Matunda tunayo: ndizi, maembe, mapapai.

Tazama makadirio haya ya protini:
- Maziwa au mtindi, kikombe kimoja (mililita 250): gramu 8.
- Yai moja: gramu 6.
- Karanga zilizosagwa, vijiko 2 vya chakula: gramu 7.
- Korosho, kiganja kimoja (gramu 30): gramu 5.
- Choroko zilizochemshwa, nusu kikombe: gramu 7.
- Ufuta, vijiko 2 vya chakula: gramu 3.

Hapa tuseme jambo moja kuhusu nazi. Wengi hudhani tui zito linajenga mwili. Tui lina mafuta mengi, nayo hutia nguvu, lakini protini yake ni kidogo sana. Tumia tui kwa utamu, lisichukue nafasi ya maziwa au karanga.

4. NAMNA YA KUTENGENEZA

Mwenye umeme na blenda aitumie. Asiye nayo atumie kinu na mchi kwa kutwanga, chungio kwa kuchuja, na upekecho kwa kuchanganya. Kopo safi lenye kifuniko cha kubana pia linafaa kwa kutikisia.

(a) Maziwa, karanga na ndizi. Chemsha kikombe kimoja cha maziwa, acha yapoe. Ponda ndizi mbivu moja hadi iwe laini. Ongeza vijiko 2 vya karanga zilizokaangwa na kusagwa, kisha mimina maziwa kidogo kidogo huku ukipekecha. Utapata protini kama gramu 16. Sukari haihitajiki, ndizi inatosha.

(b) Mtindi, embe na ufuta. Kaanga ufuta kidogo bila mafuta, utwange. Changanya vijiko 2 na kikombe kimoja cha mtindi na embe bivu lililopondwa. Embe likiwa halipo, tumia papai. Utapata kama gramu 12.

(c) Choroko na korosho, kwa nyumba isiyo na maziwa. Chemsha choroko hadi zilainike kabisa. Saga nusu kikombe pamoja na kiganja cha korosho zilizobanguliwa na kukaangwa, ndizi moja na maji yaliyochemshwa. Korosho zilizovunjika bei yake ni nafuu na ubora ni ule ule. Utapata kama gramu 13.

(d) Uji wa yai na karanga. Pika uji mwepesi kwa vijiko 3 vya unga wa mtama au mahindi. Ongeza vijiko 2 vya karanga zilizosagwa. Pigapiga yai moja, limimine kidogo kidogo katika uji unaochemka huku ukikoroga, na uache uchemke dakika 5 zaidi. Utapata kama gramu 16. Asiyependa yai atie kijiko cha unga wa dagaa waliokaushwa na kutwangwa, na asitie sukari.

Kuchanganya nafaka na jamii ya kunde au karanga kuna faida yake. Protini ya mahindi peke yake ina upungufu, na ya kunde ina upungufu wa aina nyingine. Zikiwa pamoja zinasaidiana.

5. MAMBO YA KUZINGATIA

- Maziwa yachemshwe, hata kama yametoka kwa mfugaji unayemwamini. Maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu cha ng'ombe na homa ya kutupa mimba.
- Usinywe yai bichi. Lina hatari ya vijidudu vya kuhara, na protini ya yai lililoiva hutumika mwilini vizuri zaidi.
- Usisage kunde, choroko au soya zikiwa mbichi. Zina vitu vinavyozuia protini isitumike mwilini, na huweza kuumiza tumbo.
- Tupa karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au chungu. Sumukuvu haiondoki kwa kukaanga. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yaliyochafuka.
- Kinywaji kinywewe mara kikiisha kutengenezwa. Pasipo friji, kisikae zaidi ya saa mbili.

6. NANI AWE MWANGALIFU?

Mtoto chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama tu. Akishatimiza miezi 6, uji wake uwe mzito, alishwe kwa kikombe na kijiko, siyo chupa, na aendelee kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Mtoto mdogo asipewe karanga nzima, zinaweza kumpalia.

Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini bila kumwona daktari. Mtu anayevimba midomo au kuwashwa baada ya kula karanga au korosho aziache kabisa. Mgonjwa wa kifua kikuu akumbuke kwamba kinywaji kinasaidia dawa, hakichukui nafasi yake.

Sasa sikilizeni, akina mama na akina baba. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili za mtoto, uhesabu hadi tatu, kisha uachie. Yakibaki mashimo pande zote mbili, mtoto huyo amevimba, na huenda ana unyafuzi, ambao wengine wanauita kwashiakoo. Usijaribu kumtibu nyumbani kwa vinywaji hivi. Mwili wake umedhoofika kiasi kwamba protini nyingi kwa ghafla inaweza kumdhuru, hata kumwua. Hospitali huanza na maziwa maalumu yenye protini kidogo, kisha huongeza hatua kwa hatua. Mpeleke siku hiyo hiyo, hata kama unatoka delta na ni lazima usubiri mashua. Vivyo hivyo mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ambaye utepe wa mkono umeonyesha rangi nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5.

Kwa watu wengine waliotajwa katika somo hili, kikombe kimoja kwa siku, pamoja na milo ya kawaida, kinatosha kuleta tofauti. Kabla ya kuuza mayai yote, bakiza ya nyumbani.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Ni vyakula gani vya kujenga mwili tunavyouza vyote bila kubakiza vya kula?
2. Kijijini kwetu tunaweza kupata kinywaji kipi kati ya hivi vinne katika miezi ya masika?
3. Kwa nini mtoto aliyevimba miguu asipewe kinywaji cha protini nyingi nyumbani?