Koti la Baridi la Manyoya ya Bandia: Kununua, Kukata na Kushona Nyumbani

Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, kama vile Maine na Minnesota, majira ya baridi hudumu kwa miezi kadhaa, na koti zito ni hitaji la kila mmoja katika familia. Miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili waliohamia huko wamo wenye ujuzi wa cherehani ambao wangependa kujishonea. Hata hivyo, kitambaa cha manyoya ya bandia hakina tabia za kitenge. Hasara yake nyingi hutokea kabla cherehani haijaanza kuzunguka: dukani na kwenye meza ya kukatia. Kwa sababu hiyo tunaanza na hatua hizo mbili.

1. Kabla ya kulipa

Kokotoa gharama yote, si ya manyoya peke yake. Tuseme koti linahitaji yadi 4 za manyoya kwa dola 20 kila yadi, yadi 3 za bitana kwa dola 6 kila yadi, pamoja na dola 12 za uzi na kulabu. Jumla ni dola 110. Linganisha kiasi hicho na bei ya koti lililo tayari, kwani kujishonea si lazima kuwe nafuu. Aidha, maduka mengi hayarudishi fedha za kitambaa kilichokwisha kukatwa. Ulizia masharti mapema.

Soma maelezo yaliyo kwenye ncha ya jora. Sheria za Marekani zinataka mnunuzi ajulishwe aina ya nyuzi na namna ya kutunza kitambaa. Nyuzi za akriliki, modakriliki na poliesta ndizo zinazotumika zaidi. Modakriliki haishiki moto kwa urahisi kama akriliki.

Ukitaka kuhakikisha kwamba manyoya si ya mnyama, yatenganishe kwa vidole utazame mashina yake. Ya bandia huchomoza katika kitambaa kilichofumwa. Ya mnyama huota katika ngozi.

2. Kukata

Pitisha kiganja juu ya kitambaa. Upande ambao manyoya hulala laini ndio mlalo wake, nao uelekee chini katika kila kipande cha koti. Kipande kimoja kikigeuzwa, kitaonekana kuwa na rangi tofauti na vingine, na kosa hilo halirekebishiki kwa kufumua mshono.

Usikunje kitambaa ili kukata tabaka mbili kwa pamoja. Kilaze upande wa manyoya ukiwa chini, uchore vipande vyote kwa chaki upande wa nyuma, na uchore mikono miwili ikitazamana, kulia na kushoto. Hesabu vipande kabla ya kukata. Kisha tumia wembe au ncha ya mkasi kukata kitambaa cha nyuma tu, na uvitenganishe vipande kwa mkono. Ukikata manyoya yenyewe, mshono utabaki na mstari wa upara.

Kazi hii hutimua nyuzi nyingi. Funika pua na mdomo, na uwaweke watoto wadogo mbali.

3. Kushona

Tumia sindano namba 90 au 100 na hatua ndefu ya milimita 3 hadi 4. Vibanio hushika kitambaa hiki vizuri kuliko pini, ambazo hupotea ndani ya manyoya. Kabla ya kushona, sukuma manyoya yaingie ndani ya koti, mbali na ukingo. Baada ya kushona, yachomoe yaliyonaswa kwa ncha ya sindano nene, na upunguze yaliyo kwenye ukingo wa ndani ili mshono usivimbe.

Usipige pasi juu ya manyoya: joto huyayeyusha au kuyakunja. Badala ya vitundu vya vifungo, weka kulabu kubwa.

Bitana isionekane kuwa pambo tu. Manyoya huhifadhi hewa yenye joto, lakini upepo hupenya kitambaa cha nyuma iwapo kimefumwa kwa mapengo. Chagua bitana iliyofumwa kwa kubana, na kwa baridi kali ongeza tabaka la katikati.

4. Usalama

Tangu mwaka 1953 Marekani ina sheria inayozuia uuzaji wa vitambaa vinavyowaka kwa kasi ya hatari. Sheria hiyo haimaanishi kwamba kitambaa kilichoruhusiwa hakiungui. Nyuzi hizi huyeyuka na kung'ang'ania ngozi. Basi vua koti kabla ya kukaribia jiko au mshumaa.

Usiweke kamba ya kukazia kwenye kofia wala shingo ya koti la mtoto. Kamba za namna hiyo zimewahi kunaswa kwenye vifaa vya michezo na milango ya magari, zikasababisha vifo. Mwaka 2011 serikali ya shirikisho ilizitaja kuwa hatari kubwa katika nguo za nje za watoto. Tumia kulabu au vifungo vya kubana.

Kwa muhtasari: kokotoa gharama yote, soma jora, tambua mlalo, hesabu vipande, ndipo ukate. Tunamshauri anayejaribu kwa mara ya kwanza anunue kwanza robo yadi, ashone ukosi au kofia, kisha ndipo aamue kuhusu koti.