Dondoo muhimu: Kijana mwenye usonji na maongezi ya darasani

Mwalimu wa Kahama, anza na wenzake wa kijana huyo darasani. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza kwamba kutoelewana kati ya watu wenye usonji na wasio nao kunatoka pande zote mbili. Kwa hiyo wafundishe wanafunzi kumuuliza swali moja lililo wazi, kisha wasubiri jibu. Akinyamaza, hajawadharau. Tena msimlazimishe kuwatazama machoni, kwani wengi wenye usonji huumizwa na hilo.

Anachokipenda ndicho kianzio cha mazungumzo: kama ni malori yaendayo mgodi wa Bulyanhulu, mpangie kazi ya wawili wawili kuhusu malori. Utani wa Simba na Yanga aelezwe kuwa ni utani. Mapumziko yenye kelele humchosha, hivyo kivulini na rafiki mmoja panatosha. Akitaka kuandika badala ya kusema, aandike.