Bomba la Hewa Chooni: Inchi Sita, Si Mbili



Katika kutembelea kaya za Kibaha na Kisarawe tumekuta vyoo vya shimo vyenye bomba la hewa, lakini vinanuka na nzi wamejaa. Mwenye nyumba amenunua bomba, amemlipa fundi, na watoto bado wanakwenda vichakani. Ukilipima, bomba ni la inchi mbili, lina elbo, na juu limevikwa kofia. Hata sisi mradini tuliwahi kununua ya inchi nne ili kubana matumizi, na tulijutia.

Kosa hili lina chanzo. Fundi amezoea vyoo vya kumwagia maji, ambako maji yanayotuama chooni huzuia harufu na bomba hutoa gesi tu. Hapo inchi mbili zinatosha. Choo cha shimo hakina kizuizi hicho, hivyo bomba ndilo lifanye kazi yote. Upepo ukipita juu ya mdomo wake huvuta hewa ya shimoni, na hewa safi huingia chooni ikashuka kwenye tundu. Bomba la inchi sita lina nafasi mara tisa ya lile la inchi mbili, na zaidi ya mara mbili ya lile la inchi nne. Penye upepo mwingi wa kudumu inchi nne zaweza kufaa, lakini si chini ya miembe na mikorosho ya Kisarawe.

Asiyemudu plastiki ajenge dohani ya matofali, upana wa ndani inchi tisa kila upande. Kuta zake zinakwaruza hewa, kwa hiyo inahitaji nafasi zaidi.

Bomba lisimame wima bila elbo, lipite sehemu ya juu kabisa ya paa kwa sentimita 50. Juu ya mlango acha uwazi wa sentimita 10 kwa 60. Kwetu Pwani mlango ukitazama mashariki hupokea kusi na kaskazi pia. Tundu lisifunikwe. Hapa akina mama hutushangaa, kwani tuliwafundisha wenyewe kufunika! Mfuniko ni wa choo kisicho na bomba.

Sasa nzi. Shimoni nzi hufuata mwanga, hivyo ndani ya choo pawe na giza ili wapande bombani, wakute wavu na kufia humo. Katika majaribio ya Zimbabwe (wakati huo Rhodesia) mwaka 1975, kwa siku 78 walinaswa nzi 13,953 kwenye choo kisicho na bomba, na 146 tu kwenye chenye bomba. Bila wavu hesabu hiyo haipo. Matundu yake yawe ya milimita 1.2 hadi 1.5. Waya wa kawaida huliwa na kutu kwa miezi michache, na kipande cha chandarua huoza kwa jua. Tafuta wa aluminiamu au chuma kisichoshika kutu.

Mbu hawafuati mwanga kama nzi. Shimo lenye maji linahitaji dawa nyingine: Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980, walimwaga punje za plastiki nyepesi zinazoelea juu ya maji ya mashimo, mbu wakapungua sana.

Kila mwaka mimina ndoo ya maji bombani kuondoa utando wa buibui, kisha kague wavu. Saa sita mchana chungulia tunduni: usipoona mwanga wa bomba chini, limeziba.