Gego la Mwisho Linapokwama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Jino lililokwama ni lipi?
Ni jino lililoshindwa kuota likafika mahali pake. Huenda taya halina nafasi, au jino limelala likaegemea la jirani. Yanayokwama zaidi ni magego ya mwisho, kwa kuwa huota kati ya miaka 17 na 25, meno mengine yakiwa yamekwisha kujipanga. Yanayofuata ni machonge ya juu.

Nitajuaje?
Wengine hawahisi lolote. Taabu huanza hasa gego likichomoza nusu. Fizi hulifunika kwa juu na kuacha kijifuko; chakula hunasa humo na mswaki haufiki. Fizi huvimba, mdomo hutoa harufu, kumeza huuma, na kinywa hufunguka kwa shida. Gego lililolala nalo hubana chakula kwenye jino la mbele yake, na hilo lililokuwa zima huoza.

Dawa za dukani hazitoshi?
Hutuliza tu. Antibiotiki haziondoi kijifuko, ndiyo maana uvimbe hurudi. Ukisubiri kumwona daktari, sukutua kwa maji vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi. Usibandike aspirini kwenye fizi, itakuunguza.

Ni lazima ling'olewe?
Hapana. Gego lisilo na maradhi mara nyingi huachwa likafuatiliwa. Uingereza ilitoa mwongozo wa namna hiyo mwaka 2000. Hung'olewa likivimbisha fizi mara kwa mara, likioza, au likiharibu jirani yake. Chonge la mtoto, likigunduliwa mapema, huweza kuvutwa mahali pake kwa waya za meno.

Kwa hiyo uamuzi huanzia kwenye picha ya eksirei. Picha hiyo huonyesha pia mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini, karibu na mizizi ya gego. Ukiumizwa, mdomo wa chini huweza kufa ganzi kwa wiki au miezi, na mara chache daima. Muulize daktari mizizi yako iko umbali gani na mshipa huo.

Kung'oa kunauma?
Unachomwa sindano ya ganzi kwanza. Daktari hupasua fizi, huondoa mfupa kidogo ikibidi, hukata jino vipande, kisha hushona. Utahisi kusukumwa, lakini hupaswi kuhisi maumivu makali. Ukiyahisi, inua mkono uongezewe ganzi.

Baada ya hapo nifanye nini?
Uma pamba uliyopewa kwa dakika 30 hivi. Kwa saa 24 usisukutue, usiteme kwa nguvu wala kunywa kwa mrija. Sigara iache kwa siku kadhaa. Damu iliyoganda kwenye tundu la jino ndiyo inayoufunika mfupa. Ikitoka mapema, maumivu makali huanza siku ya pili hadi ya nne na kupanda hadi sikioni. Rudi kwa daktari aoshe tundu na kuweka dawa. Kuanzia siku ya pili, sukutua taratibu kwa maji ya chumvi.

Lini nisisubiri asubuhi?
Uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, ukashindwa kumeza mate, kufungua kinywa au kupumua vizuri, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Maambukizi ya namna hiyo huweza kuziba njia ya hewa.