Gia Nne au Gia Tano? Uwiano wa Gia katika Gari la Zamani la Mashindano

Katika mada ya Mashine, swali la gia huwapokonya watahiniwa alama kwa sababu wengi wanadhani wanalijua tayari. Mara nyingi katika mtihani wa majaribio huwa nawauliza wanafunzi wangu: kwa nini gari lenye gia tano linaweza kulishinda lenye gia nne, ilhali injini zao ni sawa? Wengi huandika kwamba gia ya tano inaliongezea gari nguvu. Jibu hilo halipati kitu. Giaboksi haizalishi nishati hata chembe. Inapokea mzunguko wa injini na kuubadilisha uwe wa polepole wenye msukumo mkubwa, au wa haraka wenye msukumo mdogo. Msukumo huo wa kuzungusha ndio tunaouita momenti.

Ukipanda mlima Kitonga ndani ya basi, unamsikia dereva anashusha gia. Injini inanguruma, basi linatambaa, lakini linapanda. Kasi imetolewa, momenti imepatikana. Huo ndio msingi, na kanuni yake unaifahamu:

Uwiano wa gia = meno ya gia inayoendeshwa ÷ meno ya gia inayoendesha

Gia inayoendesha ikiwa na meno 20 na inayoendeshwa meno 70, uwiano ni 3.5. Injini ikizunguka mara 3.5, shafti inayotoka huzunguka mara 1, na momenti huongezeka mara 3.5 kabla ya kupunguza kinachopotea kwa msuguano. Baada ya giaboksi mzunguko hupita kwenye difu, ambayo nayo ina uwiano wake. Kwa hiyo:

Uwiano wa jumla = uwiano wa gia × uwiano wa difu

Watahiniwa wengi husahau difu. Usiisahau, maana mfano wetu wote umesimama juu yake.

Tuchukue gari la kweli, Datsun 240Z. Gari hili la Kijapani lenye injini ya silinda sita lilishinda mashindano ya East African Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Magari ya aina hii bado yanaonekana kwenye vumbi letu katika East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka 2003. Yale yaliyouzwa Marekani yalikuja na gia nne, ya Ulaya yakaja na gia tano. Kwa hiyo anayelitayarisha gari hili leo ana uchaguzi wa kufanya, na akikosea amepoteza fedha nyingi.

Namba zifuatazo nimezirahisisha ili hesabu isikuchoshe.

Giaboksi ya gia nne: 3.5, 2.2, 1.4, 1.0. Difu: 3.36.
Giaboksi ya gia tano: 3.0, 1.9, 1.3, 1.0, 0.85. Difu: 3.9.

Zidisha kila gia kwa difu yake. Gia nne zinatoa uwiano wa jumla wa 11.76, 7.39, 4.70 na 3.36. Gia tano zinatoa 11.70, 7.41, 5.07, 3.90 na 3.32. Sasa tazama mwanzo na mwisho wa kila safu. Gia ya kwanza ni 11.76 dhidi ya 11.70. Gia ya juu kabisa ni 3.36 dhidi ya 3.32. Hakuna tofauti ya maana! Gari lenye gia tano haliondoki kwa msukumo mkubwa zaidi, wala halifiki kasi kubwa zaidi. Umbali kutoka chini hadi juu ni uleule, ila umegawanywa vipande vingi zaidi, kama ngazi mbili za kufikia paa moja, moja ikiwa imeongezewa kipago.

Tuthibitishe kasi ya juu. Chukua gurudumu lenye mzingo wa mita 2, na injini inayotoa nguvu yake kubwa kabisa ikizunguka mara 5600 kwa dakika. Kwa gia ya nne, gurudumu huzunguka 5600 ÷ 3.36 = mara 1667 kwa dakika. Zidisha kwa mita 2, unapata mita 3333 kwa dakika, yaani kilomita 200 kwa saa. Fanya hivyo kwa gia ya tano: utapata takribani kilomita 203 kwa saa. Tofauti hiyo inamezwa na upepo wa mbele.

Basi faida ya kipago cha ziada iko wapi? Iko pale dereva anapobadilisha gia. Kasi ya gari wakati huo haibadiliki, kwa hiyo mzunguko wa injini lazima ushuke kwa kiasi hiki:

Mzunguko mpya = mzunguko wa zamani × (uwiano wa gia mpya ÷ uwiano wa gia ya zamani)

Dereva abadilishe gia kila mara injini inapofika mizunguko 6500 kwa dakika. Kwa gia nne, kutoka ya kwanza kwenda ya pili injini inashuka hadi 6500 × 2.2 ÷ 3.5 = 4086. Kutoka ya pili kwenda ya tatu inashuka hadi 4136, na kutoka ya tatu kwenda ya nne hadi 4643. Kwa gia tano, badiliko la kwanza linaishusha hadi 4117, la pili hadi 4447, la tatu hadi 5000 kamili, na la nne hadi 5525.

Zisome namba hizo polepole. Badiliko la kwanza halina tofauti yoyote ya kutajia. Faida inaanza kuonekana juu, pale gari linapokwenda kasi na upepo unapokuwa mzito. Hapo injini ya gia tano haianguki mbali na 5600, mahali penye nguvu nyingi.

Hapa sasa ndipo mtahiniwa mzuri anapotengana na wenzake. Je, kuanguka huko kuna madhara? Inategemea injini. Injini ya kawaida, isiyochokonolewa, huvuta vizuri hata kwenye mizunguko 3000. Ikianguka hadi 4100 haisikii chochote, na gia nne zinaitosha. Lakini injini ya mashindano mara nyingi imebadilishwa ili ipumue vizuri juu, na chini ya 4500 inakuwa legevu. Hiyo ikiangukia 4136 inakohoa kabla ya kuamka, na kila kona inapoteza muda. Injini kama hiyo inahitaji gia tano. Mimi ningeanza kwa kuuliza injini inavuta kuanzia wapi, ndipo nizungumze habari ya giaboksi.

Gia nne nazo zina hoja zake. Kila badiliko la gia ni muda mfupi ambao klachi imebanwa na magurudumu hayasukumwi. Tena gia ya nne yenye uwiano wa 1.0 hupitisha mzunguko moja kwa moja, bila jozi ya meno kubeba mzigo, hivyo msuguano ni mdogo na ufanisi ni mkubwa. Gia ya 0.85 hupitisha mzigo kwenye jozi mbili za meno, na kila jozi inakula kidogo kwa njia ya joto.

Kosa baya kuliko yote ni kufunga giaboksi ya gia tano na kuiacha difu ya zamani ya 3.36. Gia ya kwanza inakuwa 3.0 × 3.36 = 10.08 badala ya 11.76. Momenti kwenye magurudumu imepungua kwa karibu asilimia 14, na gari likinasa kwenye tope klachi ndiyo itakayoungua. Gia ya tano inakuwa 0.85 × 3.36 = 2.86. Kufika kilomita 200 kwa saa injini itazunguka mara 4760 tu, chini kabisa ya 5600, na haitakuwa na nguvu ya kuushinda upepo. Mwenye gari atashangaa kuona gari lake linakwenda kasi zaidi kwenye gia ya nne kuliko ya tano. Swali la namna hii likija, onyesha hesabu zote mbili. Usiishie kuandika "difu haifai".

Jipime. Giaboksi ya tatu ina gia tano zenye uwiano wa 2.8, 1.9, 1.4, 1.15 na 1.0, na inatumia difu ya 3.36. Dereva anabadilisha gia kwenye mizunguko 6500.

(a) Tafuta mzunguko wa injini baada ya badiliko la kwanza na baada ya badiliko la mwisho.
(b) Linganisha momenti ya gia yake ya kwanza na ile ya giaboksi ya gia nne.
(c) Eleza ni mashindano ya namna gani yasiyoifaa.

Majibu: (a) 4411 na 5652. (b) 2.8 ÷ 3.5 = 0.8, hivyo ni pungufu kwa asilimia 20. (c) Yale yenye kuondoka kutoka kusimama mara nyingi, au yenye milima mikali na tope, kwa kuwa momenti ya kuanzia ni ndogo. Ukiandika "mashindano marefu" pekee hupati alama. Urefu wa njia hauhusiani na gia ya kwanza.