Kijani-kijivu Kipi? Jaribu Kabla ya Kununua Ndoo

Rangi ikishachanganywa kwa mashine dukani, kwa kawaida hairudishwi. Mwananchi anayepaka sebule, au kamati inayopaka darasa la chekechea, anachagua mara moja tu.

Chukua rangi mbili zinazokaribiana: kijani chenye ujivu kama jani la mkaratusi, na kingine chenye ujivu zaidi kama jani la leleshwa. Kwenye kadi ya dukani ni kama mapacha. Ukutani hazifanani hata kidogo.

Anza na sakafu. Nyumba zetu nyingi zina sakafu nyekundu, na nyekundu hulifanya jicho lione kijani kikali kuliko kilivyo. Juu ya sakafu hiyo leleshwa hupata uhai, ilhali mkaratusi huweza kuzidi. Penye sakafu ya simiti tupu, leleshwa hupoa na kufanana na plasta. Nilifanya kosa hilo sebuleni kwangu. Wageni waliuliza fundi atarudi lini kumaliza.

Kisha mwanga. Ushauri wa ng'ambo husema uangalie kama dirisha linaelekea kaskazini au kusini. Nchi yetu inapitiwa na ikweta, na jua hugawa mwaka kati ya pande hizo mbili. Kinachotuhusu zaidi ni mashariki na magharibi. Jua la jioni huongeza umanjano na kijani hujitokeza. Balbu ya manjano hufanya vivyo hivyo usiku. Balbu nyeupe huacha kijivu kitawale.

Kwa hivyo nunua kopo dogo la kila rangi. Paka kadibodi kubwa nyeupe, mikono miwili, uache hadi kesho, kwa maana rangi ya maji hukolea ikikauka. Isimamishe kando ya dirisha, kwenye kona ya giza, na karibu na sakafu. Itazame asubuhi, jioni na taa zikiwaka. Zitazame moja moja, si ubavu kwa ubavu.

Bado huwezi kuamua? Kadi nyingine zina namba ya 0 hadi 100 inayoonyesha mwanga unaorudishwa na ukuta. Kwa darasa lenye madirisha madogo, chukua yenye namba kubwa.

Kagua pia alama ya KEBS na maandishi kwamba rangi haina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Makopo yote yanunuliwe siku moja, na fundi ayachanganye pamoja kabla ya kuanza.